Kimwani Ijiandike Yenyewe: Maneno kwa Vijana Wanaotaka Kazi ya Kalamu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana na wazee wa Kimwani, wilaya ya Muleba. Twayachapa kama yalivyosemwa.)

 

Tumeombwa tuseme juu ya kazi moja tu: kazi ya kuandika habari na makala katika magazeti bila ya kuajiriwa na gazeti lolote. Watu wa magazeti humwita mtu huyo mwandishi wa kujitegemea. Hapati mshahara mwisho wa mwezi. Huuza anachokiandika, kama mvuvi auzavyo samaki: siku akipata huuza, siku akikosa hulala na njaa yake. Tutasema kwa nini Kimwani yamhitaji mtu huyo, ufundi wake ni upi, na hatari zake ni zipi. Hatutawaficha hatari, maana kijana akifichwa hatari za kazi huiacha siku ya kwanza inapomuuma.

ASIYEANDIKWA HAHESABIWI

Twaanza na msiba mnaoujua wote. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba kwenda Mwanza. Hakuna kata katika Buhaya isiyokuwa na nyumba iliyolia. Lakini ulizeni leo: walikufa watu wangapi? Mtu mmoja atawaambia mia tano, mwingine mia nane, mwingine karibu elfu moja. Sababu moja kubwa ya tofauti hiyo ni kwamba abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Waliokuwa na nauli kubwa waliandikwa, waliokuwa na nauli ndogo hawakuandikwa. Basi maiti za maskini zikawa za kukisia.

Ndugu zangu, jambo hilo halikuwa la meli tu. Sisi watu wa vijijini twasafiri katika mambo ya nchi hii kama abiria wa daraja la tatu. Tumo, twalipa, twafanya kazi, lakini hatumo katika orodha. Mtu wa mjini akifungua gazeti ataona habari za Dar es Salaam, za Dodoma, za mpira wa Ulaya. Kimwani ataiona siku ya msiba. Mwandishi atakuja kwa gari asubuhi, atamwuliza mkubwa mmoja, atapiga picha ya mgomba, na jioni atakuwa amekwisha kurudi Bukoba. Hatumlaumu, hakutumwa akae. Lakini habari ya mahali huandikwa vyema na mtu anayelala mahali hapo.

Msidhani kwamba jambo hili ni geni. Gazeti la Mambo Leo, lililokuwa la serikali ya kikoloni, lilianza mwaka 1923, na walimu na makarani kutoka kila upande wa Tanganyika walilipelekea barua, mashairi na habari za kwao. Hawakuwa watu wa gazeti. Walikuwa watu wenye kazi nyingine ambao waliona kuwa yanayotokea kwao yastahili kusomwa. Mwaka 1937 Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kwetu, akasema mambo ya Waafrika kwa mdomo wa Mwafrika. Naye hakungoja kuajiriwa na mtu.

Na hapa kwetu Buhaya je? Edward Barongo alikaa akaandika aliyoyaona katika kupigania uhuru, na kitabu chake, Mkiki Mkiki wa Siasa Tanganyika, kikatoka mwaka 1966. Mwaka 1969 Gelase Mutahaba alitoa kitabu kidogo juu ya maisha ya Mzee Ali Migeyo, mpigania uhuru wa huku Bukoba. Fikirini kazi ile ilikuwa nini. Msomi amemfuata mzee, amemwuliza, amemsikiliza, ameandika. Ndiyo kazi ya makala hiyo. Wazee wangapi wa Kimwani wamezikwa na maneno yao kwa sababu hakuna kijana aliyewaendea na daftari?

HABARI NI NINI, MAKALA NI NINI

Sasa tuingie katika ufundi. Habari husema nini kimetokea. Makala husema kwa nini kimetokea, kinawagusa nani, na kinagusaje. Habari huoza upesi kama samaki. Makala yaweza kukaa mwezi na bado ikasomwa. Kwa hiyo ninyi mnaokaa mbali na mji, kazi yenu ya kwanza na iwe makala. Habari za mbio mtashindwa na watu wa redio na simu. Makala ya Kimwani hakuna wa kuwashinda.

Tuchukue mfano ambao kila mtu hapa aujua: butura. Mkulima ana shida, basi huuza kahawa yake ingali ua au ingali mbichi mtini, kwa bei ndogo, na msimu ukifika mavuno ni ya mnunuzi. Serikali imeikataza butura mara nyingi, nayo ingalipo.

Mwandishi mvivu ataandika hivi: "Wakulima wameaswa kuacha butura kwa kuwa inawarudisha nyuma." Amekwisha. Amepata wapi hayo? Katika hotuba ya mkubwa. Msomaji amejua nini ambacho hakukijua jana? Hakuna.

Mwandishi mwenye ufundi ataanza na swali moja: mkulima anajua kwamba anapunjwa, kwa nini basi anauza? Hapo atatafuta. Ataweka kalenda mbili pamoja. Kalenda ya kwanza ni ya kahawa: huku kwetu kahawa ya robusta huvunwa kati ya mwezi wa Mei na Oktoba. Kalenda ya pili ni ya shida: shule hufunguliwa Januari. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na chakula vyataka fedha, na vyataka Januari. Ugonjwa hauna msimu, wala msiba. Basi mwandishi ameona kitu: mkulima hauzi ua kwa ujinga, anauza kwa sababu fedha yake iko mtini na shida yake iko mlangoni.

Kisha atapiga hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, mtu amepokea shilingi 30,000 mwezi wa Januari kwa gunia moja, na mwezi wa Julai gunia lile lingeuzwa shilingi 90,000. Huyo hakuuza kahawa, huyo amekopa. Kwa kila shilingi moja aliyopokea amerudisha tatu, na kwa miezi sita tu. Msomaji akiona hesabu hiyo hataisahau. Lakini kumbukeni, hesabu ya kweli huombwa kwa mkulima mwenyewe na kwa chama cha msingi, haitungwi mezani.

Halafu, na hapa ndipo wengi huanguka, mwandishi atamwendea mnunuzi wa butura. Atamwuliza: wewe waonaje? Labda mnunuzi atasema: "Mimi ndiye ninayempa fedha usiku mtoto akiugua. Chama hakifunguliwi usiku." Yaandikwe hayo. Hata kama hampendi mnunuzi, yaandikwe. Maana hapo ndipo msomaji aonapo kwamba kukataza peke yake hakutoshi. Kwatakiwa mahali pengine pa kukopa. Makala imemfikisha msomaji na mkubwa wa ushirika mahali ambapo amri haikuwafikisha.

Mfano wa pili ni mgomba. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika Tanzania, na ulitambuliwa katika wilaya yetu hii ya Muleba. Gazeti likiandika kwamba "ugonjwa hatari umeingia, wakulima wachukue tahadhari," limemsaidia nani? Tahadhari ni nini? Mwandishi aliyejifunza atakwenda kibanjani na bwana shamba, atauliza mpaka aelewe, kisha ataandika kwa maneno ya kila siku: majani hunyauka na kuwa njano, ndizi huiva kabla ya wakati wake, ukiikata ndani utaona rangi ya kahawia, ukikata shina hutoka utomvu wa manjano. Ugonjwa huchukuliwa na panga, na miche, na wadudu wanaofuata ua la dume. Kwa hiyo ua lile liondolewe mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, na panga lisafishwe kwa moto au kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mtu akisoma hayo aweza kuinuka akaenda kufanya. Kijiti chenye panda kina faida kubwa katika makala kuliko neno "tahadhari" likiandikwa mara kumi.

Si lazima makala yote yawe ya shida. Senene, dagaa wa usiku, ngoma za harusi, mpunga wa mabondeni, hayo yote wahariri huyataka. Mtu wa Lindi hajui senene huliwaje. Mwelezeni.

NENO KWA MABINTI

Twaona mabinti wamekaa nyuma. Njooni mbele, kazi hii haina jando. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi ilipingana na Katiba ya nchi. Kesi ile ilitoka huku kwetu, na hukumu ile hufundishwa katika vyuo vya sheria nchi za mbali. Lakini mjane wa Kimwani anayefukuzwa kibanjani leo, nani amemsomea hukumu hiyo? Mjane atamwambia binti mambo ambayo hatamwambia mwanamume. Basi makala hiyo yangoja binti.

SHERIA NA UKWELI

Sasa hatari. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU, kijarida kilichochapwa kwa mashine ya kunakili, kwa kuwa aliwashutumu maofisa wawili wa wilaya. Mahakama ilimtia hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa faini. Mtu yule alikuwa na chama kizima nyuma yake na mawakili mbele yake. Wewe kijana una nani? Una daftari lako. Basi daftari na liwe zuri. Andika siku, saa, mahali, jina la aliyesema na maneno yake kama alivyoyasema. Usitupe daftari hata baada ya makala kutoka. Mahakamani mtu haulizwi kama moyo wake ulikuwa mwema, huulizwa ushahidi.

Sheria za leo nazo mzijue. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 yamtaka anayefanya kazi ya uandishi wa habari awe na ithibati, na kanuni zilizofuata mwaka 2017 ziliweka kiwango cha elimu kuwa walau stashahada. Kwa hiyo kijana anayetaka kuifanya kazi hii iwe ya maisha asiukwepe ukweli huo: itambidi asome. Nyegezi, Mwanza, walianza kufundisha uandishi tangu siku za kituo cha mafunzo kilichofunguliwa mwaka 1960, na hapo ndipo palipotokea Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Dar es Salaam kulianzishwa shule ya uandishi wa habari mwaka 1975, ambayo baadaye iliingia katika Chuo Kikuu. Kabla ya kulipa fedha za chuo chochote, ulizeni kwanza kama cheti chake chatambuliwa. Na wakati bado hujasoma, anza na barua kwa mhariri na maoni ya msomaji. Mlango huo umewapitisha wengi.

Iko na sheria nyingine ya mwaka 2016, ya Haki ya Kupata Taarifa. Hiyo ni rafiki yenu. Mwananchi akiandika barua kuomba taarifa ofisi ya umma, ofisi ina siku 30 za kumjibu. Wataka kujua fedha za zahanati zilikuwa ngapi na zimefika wapi? Andika barua, weka nakala, hesabu siku. Ukijibiwa, una makala. Usipojibiwa, una makala pia.

Mzee mmoja atatuuliza: kijana akiandika ukweli juu ya jirani yetu, nani atamlinda usiku? Swali hilo ni la haki, wala hatutalijibu kwa maneno matamu. Mwandishi wa mjini huandika akaondoka. Wewe utakutana na uliyemwandika kisimani, kanisani, msikitini, na msibani. Kinga yako ni hii. Kwanza, kila unayemtaja vibaya mwendee wewe mwenyewe kabla ya kuandika, umwambie unachokusudia, uchukue jibu lake. Pili, usiandike na hasira ya shamba lenu au ya ukoo wenu. Jambo likikugusa wewe, mpe mwingine aliandike. Tatu, jambo zito usilishike peke yako: wajulishe mhariri na wenzako wa klabu ya waandishi ya mkoa. Na kinga ya nne si ya kijana, ni yenu wazee. Kijana akiandika kweli, msiseme kwamba ameaibisha kijiji. Aliyekula fedha za kijiji ndiye aliyekiaibisha.

MALIPO NA BAHASHA

Tuseme na fedha, maana kujitegemea bila fedha ni kutegemea mama. Malipo ya makala moja ni madogo, na mara nyingi huchelewa. Kwa hiyo usiuze jembe ukanunua kalamu. Shika vyote viwili mpaka kalamu ionyeshe kwamba yaweza kukulisha. Kabla ya kuandika muulize mhariri: unataka maneno mangapi, kwa siku gani, kwa malipo gani, na yatalipwa lini. Akitaka maneno 800, mpe 800, usimpe 1,500 ukitumaini atafurahi. Atakata, na atakata pale ulipopapenda. Makala moja usiipeleke magazeti mawili kwa siri. Lakini uchunguzi mmoja waweza kuzaa makala mbili zilizo mbali mbali: ya butura kwa ukurasa wa kilimo, na ya watoto wa Januari kwa ukurasa wa elimu. Redio nazo hununua hadithi za watu. Piga picha zako mwenyewe. Simu yatosha kuanzia.

Na bahasha. Mtaitwa mkutanoni, na mwisho wa mkutano mtapewa bahasha ya kaki "ya nauli." Aliyekupa nauli leo atakudai kesho, wala hatadai fedha, atadai kunyamaza. Twajua njaa ilivyo, na twajua kwamba wengi huichukua kwa kuwa gazeti halikuwalipa. Lakini mwandishi wa kijiji ana mtaji mmoja tu: kwamba mkulima akimwona amwambia kweli. Siku mkulima akiiona bahasha mkononi mwako, mtaji umekwisha, na hakuna benki itakayokukopesha mwingine.

KAZI YA KUANZIA

Hatutaki muondoke hapa na maneno matupu. Kila kijana aliyekuja na aandike ukurasa mmoja katika muda wa wiki mbili. Achague jambo moja la kata hii: bei ya debe la dagaa mwaloni na bei yake Muleba mjini; au muda anaotembea mama mjamzito kufika zahanati, upimwe kwa saa, si kwa kukisia; au habari za mzee mmoja aliyezidi miaka themanini. Aende, aone, aulize watu wasiopungua watatu, na mmoja wao awe wa upande unaolaumiwa. Majina yaandikwe sawasawa. Tarakimu zihakikishwe mara mbili. Kisha aisome kwa sauti mbele ya mtu asiyejua kusoma, mahali mtu huyo atakapouliza "maana yake nini?" pafutwe, paandikwe upya.

Kurasa hizo zikusanywe kwa mwalimu wenu hapa. Tutarudi tuzisome pamoja, mstari kwa mstari, na zilizo bora tutawaonyesha jinsi ya kuzipeleka kwa mhariri. Nyingine zitakataliwa. Mtu asivunjike moyo; hata mche wa kahawa hauzai mwaka wa kwanza.

Kama kuna maswali, tuko tayari kuyasikia.